Mwaka Niliohesabu Matumbo ya Samaki

Daktari Mutheu tulimzika Jumamosi kwao Makueni, saa saba mchana, katika udongo mwekundu usio na harufu hata kidogo ya chumvi. Nilimtazama mumewe akitupa konzi ya kwanza, nikawaza kwamba mwanamke huyu aliishi nusu ya umri wake majini, na sasa tunamlaza mahali ambapo mvua huombewa. Baada ya chakula, kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alinijia na sahani mkononi, akaniuliza, "Mama, ati ni kweli alikuwa mkali?" Nikamjibu, "Mkali kuliko pilipili mbuzi," na waliokuwa karibu wakacheka. Kicheko kile kilinisumbua safari nzima ya kurudi. Basi lilitushusha Mwembe Tayari, Mombasa, alfajiri, na badala ya kuchukua tuktuk kwenda kwangu Tudor, nilitembea kwa miguu hadi Mji wa Kale, nikasimama mbele ya nyumba moja ya Kibokoni ambayo siku hizi ina mlango wa chuma. Mwanamke wa umri wangu aweza kusimama mbele ya nyumba ya watu asubuhi na asiulizwe kitu. Ukali wa Daktari niliujua kabla ya wengi wao. Lakini yule kijana nilikuwa nimempa nusu ya habari, nusu ile ambayo kila mtu anayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimepata kazi ya mwaka mmoja, msaidizi wa maabara, na chumba cha kupanga ghorofani kwa Bi Zuhura, mjane aliyekaanga bajia za kunde barazani kwake kila alasiri. Masharti yake yalikuwa mawili: nyama ya nguruwe isivuke kizingiti, na nikichelewa usiku niwe nimesema mapema. Jumapili nilipokwenda kanisani aliniambia nimuombee magoti yake, basi. Chumba changu kilikuwa na kitanda kizito cha mvule, dari ya boriti nilizozijua kama vidole vyangu, na dirisha lililokuwa juu kabisa ya baraza, hivi kwamba kila lililosemwa chini lilipanda pamoja na harufu ya mafuta na kitunguu thomu. Nilijua nani kaposwa na nani kanuniwa. Nilijua pia yaliyosemwa juu yangu. "Huyu msichana wa juu anafanya kazi gani?" mteja mmoja aliuliza siku moja. "Anapasua samaki," Bi Zuhura akajibu. "Ah, yuko sokoni." "Si sokoni. Anapasua visamaki kama ukucha, atazame wamekula nini." Nikasikia bajia ikitafunwa, kisha yule mteja akasema, "Kwani wamelalamika?" Nilicheka hadi nikaziba mdomo kwa mto. Hata hivyo lilikuwa swali zuri, na sijawahi kulijibu vizuri kuliko nilivyojaribu mwaka ule.

Maabara yetu ilikuwa chini, kwenye nyumba kuukuu iliyo karibu na maji, kuta zake zikitoka jasho msimu wote. Nilikuwa na meza, hadubini moja, kibanio, visahani vya kioo na rafu za chupa. Ndani ya chupa walikaa samaki wachanga wa mwambani, wekundu-wekundu, wenye macho makubwa kupita kiasi, ambao mchana hujificha kwenye mapango ya matumbawe au katikati ya vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo kila mvuvi keshawahi kuvikanyaga. Jua likizama, planktoni huinuka kutoka mwambani: vidudu vya jamii ya kamba visivyofika punje ya mchanga, watoto wa kaa wenye mwiba kichwani, minyoo myembamba kama uzi, vyote vikielea na kuchukuliwa na maji. Hapo samaki hao hutoka kuwinda. Daktari alitaka kujua jambo moja: samaki anapokua, kutoka urefu wa ukucha hadi urefu wa kidole, uwindaji wake wa usiku hubadilika vipi? Yeye na nahodha wa boti yetu walitoka usiku na vyandarua vidogo. Mimi niliwangojea gatini na fomalini, niwatie samaki dawa papo hapo, kwa sababu tumbo la samaki aliyekufa huendelea kujila. Kesho yake niliwapasua mmoja mmoja na kuhesabu kilichomo. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, wala sioni haya kujisifu. Mkono wangu haukutetemeka, na jicho langu lilijua kutenganisha mguu wa kidudu hiki na wa kile hata vilipokuwa vimekwisha tafunwa.

Nahodha wetu aliitwa Salim. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mwembamba, asiyevaa viatu ila siku ya Ijumaa. Mimi nilimwita Ami, naye aliniita mwanangu, na wakati nikipanga chupa gatini alikuwa akinieleza mambo ya mwamba kama mtu anayemsimulia mgeni habari za majirani. Usiku mmoja aliinua chupa yenye visamaki vidogo kabisa, akaiangalia kwa tochi, akanionyesha macho yao kwa kidole, akasema, "Hawa wadogo wakati wa giza hawatoki, mwanangu. Mato yao hayajakomaa. Hungoja mwezi." Daktari alikuwa akivua nguo ya kuzamia. Bila kugeuka alisema, "Tutaona kwenye chupa, Salim." Alilisema kwa adabu, kama mlango unavyofungwa kwa adabu. Salim akainama kufunga kamba zake, nami nikaandika saa kwenye kibandiko, na yale maneno yakapita.

Lazima niseme kosa langu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mwezi wangu wa kwanza nilisinzia gatini, na trei moja ya samaki ikakaa bila dawa mpaka nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Matumbo yao yote yalikuwa uji. Ningeweza kunyamaza. Nilimwendea Daktari asubuhi ile ile nikamwambia, naye akanitazama, akasema, "Isitokee tena." Haikutokea tena. Lakini mwezi wangu wa tano, tulipopanga chupa zote kwa pamoja, tuliona jambo la ajabu. Samaki wenye urefu wa kidole walikuwa wameshiba kila usiku. Wale wa ukucha, usiku fulani walikuwa wameshiba, na usiku mwingine wote matumbo yao yalikuwa matupu, safi, kama vikombe vilivyooshwa.

"Dama," Daktari akasema, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, "uliwaacha wakae."

"Sikuwaacha, Daktari."

"Samaki mdogo tumbo lake huisha haraka. Ukichelewa kidogo tu, hakuna kitu. Wakubwa wamebaki na chakula, wadogo hawana. Ni fomalini iliyochelewa, hakuna lingine."

"Na zile siku walizoshiba?"

"Ni siku ulizowahi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini iliyoniuma zaidi ya kelele, "Uliwahi kulala, Dama. Usinifanye nijute."

Nikageuka na kiti. "Nililala mara moja, na ni mimi niliyekwambia. Kama ningekuwa mtu wa kuficha, hata siku ile usingeijua." Daktari alisema atauondoa usiku wote wa chupa tupu kwenye ripoti, na kwamba mwisho wa mwezi unaofuata tutazungumza kama ninafaa kumaliza mwaka. Nilikwenda nyumbani nikalala na nguo zangu. Kulikuwa na wazo moja ambalo lingekuwa rahisi: kukubali. Mtu anapokuambia umekosea, naye amesoma kuliko wewe, na uliwahi kukosea kweli, kukubali ni kama kuketi baada ya kusimama sana. Sasa nimewafundisha vijana wengi, na ninaona wakiketi hivyo mbele yangu, na kila mara nataka kuwanyanyua. Lakini mimi nilijua nilichokifanya gatini. Dawa niliitia kwa mkono huu.

Aliyenipa ufunguo ni Bi Zuhura, na wala hakujua. Alikuwa na ada ya kufunga siku tatu katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, siku ambazo usiku wake ni mweupe kwa mbalamwezi. Siku hizo hakukaanga bajia. Magharibi alinigongea mlango, tukafuturu pamoja kwenye mkeka, tende, uji wa mchele wenye pilipili manga, na kaimati zilizolowa shira. Jioni moja, wiki ile ya fedheha yangu, alinikuta nimejilaza. "Ndoo ule," akasema. "Kitwa hakifanyi kazi na tumbo tupu." Nikashuka. Nilikuwa na kaimati ya tatu mdomoni nilipokumbuka kwamba mara ya mwisho nilipokula kaimati nilikwenda gatini na vidole vinavyonata, nikachafua kibandiko cha chupa. Na chupa ile yenye alama ya shira niliijua. Visamaki vyake vilikuwa vimeshiba.

"Mama," nikamwambia, "kalenda yako ya ukutani, naomba niiazime."

"Ya nini?"

"Nataka kujua mwezi ulipokuwa mkubwa."

"Ukitaka kujua mwezi ulipokuwa mkubwa niulize mimi niliyekaa na njaa," akasema, lakini akaishusha msumarini akanipa.

Usiku ule sikulala. Nililinganisha daftari langu na kalenda, ukurasa kwa ukurasa. Kila usiku wa kaimati, yaani kila usiku wa mbalamwezi, wadogo walikuwa wameshiba. Kila usiku wa giza walikuwa watupu, nao wakubwa wameshiba bila kujali. Wala si fomalini. Fomalini haijui mwandamo wa mwezi. Ndipo yale maneno ya gatini yakanirudia yote: mato yao hayajakomaa, hungoja mwezi.

Nilimpelekea Daktari daftari langu na kalenda ya Bi Zuhura, yenye picha ya msikiti na doa la mafuta. Alisoma akiwa amesimama. "Na hizi alama nyekundu ulizotia wewe?"

"Ni siku nilizokula kaimati."

"Unaniletea ushahidi wa kaimati?"

"Ninakuletea ushahidi wa mwezi, Daktari. Kaimati zimenisaidia kukumbuka. Twende tukaangalie. Tarehe kumi na tisa ya mwezi ujao wa Kiislamu, mwezi utachelewa kutoka mpaka kama saa nne usiku. Tutapata giza na mwangaza usiku mmoja, mahali pamoja, samaki wale wale. Nami nataka niwe majini."

Alinitazama. "Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akikaribia kucheka. "Unafanya kazi ya samaki na hujui kuogelea. Haya. Ukijua, utaingia. Usipojua, utakaa gatini."

Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache. Nilipomwambia Bi Zuhura, nilidhani atanitafutia binti wa jirani. Akaniambia niamke kabla ya jua. Maji yalipokuwa yamejaa, alinichukua hadi kwenye ufuo mdogo ulio chini ya nyumba, mahali ambapo hapana mtu saa zile, akafunga dera lake kwa mafundo mawili, akaingia baharini na magoti yake mabovu kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Alikuwa akiogelea tangu utotoni na hakuna aliyemuuliza kwa miaka. "Usipigane na maji," alinifokea asubuhi baada ya asubuhi, mkono wake mmoja chini ya mgongo wangu. "Una hasira gani? Lala!" Nilimeza chumvi ya kutosha kupikia arusi. Siku ya kumi na mbili aliondoa mkono bila kuniambia, nami nikaendelea kuelea, nikitazama anga ikibadilika rangi, nikimsikia akinung'unika kwa mbali kwamba sasa atachelewa kuroweka kunde.

Tarehe kumi na tisa bahari ilikuwa tulivu. Salim alitupeleka mpaka kwenye mwamba nje ya mlango wa bandari, akazima mashine, akanifunga kamba kiunoni, akaivuta mara mbili kuijaribu. Tochi zetu alizifunika kwa plastiki nyekundu, kwa kuwa samaki hawa hawauoni mwanga mwekundu. "Ukiogopa, vuta," akasema. "Mimi niko upande wa pili." Niliogopa, lakini sikuvuta. Chini yangu mwamba ulikuwa kina cha watu wawili, na maji yalijaa chembe zinazocheza, ile planktoni niliyokuwa nimeihesabu ikiwa maiti miezi yote ile, sasa iko hai, inaruka na kupinda na kukwepa. Samaki wa urefu wa kidole walikuwa wametoka mapangoni, wako juu, mbali na matumbawe, wakiwinda gizani: mmoja alitulia, akageuza jicho lake kubwa, akadokoa, akatulia tena. Daktari alinigusa bega akanielekeza chini. Katikati ya miiba myeusi, visamaki vya ukucha vilikuwa vimesimama vyote pamoja, vichwa upande mmoja, havifanyi kitu. Chakula kilipita juu yao kama mvua, nao hawakukiona.

Tulipanda botini tukanywa chai ya chupa. Mwezi ulitoka mwekundu, ukapanda, ukawa mweupe. Tuliporudi majini sikuhitaji tochi. Nilielea juu ya ile miiba nikangoja, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, moyo ukaanza kunishuka. Kisha kimoja kikajitenga. Kikapanda kiasi cha shubiri moja, si zaidi, kikadokoa, kikarudi mbio miibani. Kikatoka cha pili. Halafu wote wakainuka kama vumbi linavyoinuka mtu akipiga zulia, wakatanda kwenye ule mwangaza mdogo juu ya nyumba yao, wakila kwa haraka, kwa pupa, huku kaka zao wakubwa wakiwa juu zaidi na mbali zaidi, mahali ambapo wao hawajathubutu bado. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, jambo ambalo simshauri mtu alifanye. Daktari alibaki majini baada yangu. Alibaki mpaka Salim akaanza kuiangalia saa yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisikia sauti ya Daktari chini ya dirisha langu. Alikuwa ameacha gari lake mbali, pale ambapo vichochoro vinaanza kuwa vyembamba, akatembea akiuliza nyumba ya Bi Zuhura mlango kwa mlango, yeye aliyekaa Kizingo miaka yote hiyo na kufika Mji wa Kale kwa kazi tu. Bi Zuhura alimkaribisha bila kumuuliza shida yake, akamketisha mkekani, akamwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Daktari alikula kwa mkono, vizuri, matonge manne au matano. Kisha akasema mbele yetu sote wawili, "Dama, nilikushutumu kwa jambo ambalo hukulifanya. Nilikosea. Nilikuwa tayari kuitupa kweli kwa sababu haikufanana na nilichotarajia." Bi Zuhura hakujua kisa chote, akasema tu, "Basi, mama, ongeza mchuzi."

Ripoti itaandikwa upya, Daktari akaendelea, na jina langu litakuwa juu yake pamoja na lake. Nilikuwa nimelingoja neno hilo maisha yangu yote bila kujua. Na lilipokuja nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kuna mtu alikwambia kabla yangu."

"Nani?"

"Ami Salim. Gatini. Alisema wadogo hungoja mwezi."

Aliacha kula. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari. "Aliniambia hata kabla hujaja," akasema polepole. "Mwaka wangu wa kwanza hapa. Nikamwambia tutaona kwenye chupa." Akanawa mkono, akatoa daftari na kalamu mkobani. "Basi majina yawe matatu. Salim nani?"

Jina la baba yake sikulijua. Nilikuwa nimefanya kazi naye miezi mingi, nikanywa chai yake, nikamwachia roho yangu kwenye ncha ya kamba. Daktari alikuwa amefanya naye kazi miaka tisa. Tulitazamana, kisha sote wawili tukamtazama Bi Zuhura.

"Msinitazame mimi," akasema. "Mtu ana ulimi wake. Kamuulizeni."

Tukaenda, wakati ule ule, na jua lile. Tulimkuta ameivuta boti ufuoni, anakwangua kome na chaza waliogandamana na mbao za chini, ana viatu vya Ijumaa pembeni. Daktari alisimama mbele yake na daftari lake kama mwanafunzi aliyechelewa. "Salim, nimekuja kukuuliza jina lako kamili." Akacheka, akidhani ni mzaha, akatuangalia, akaona si mzaha. Nikamweleza la ripoti. Alifuta mikono kwenye kikoi, mbele na nyuma, akaichukua kalamu, akalitegemeza daftari ubavuni mwa boti na kuandika taratibu, herufi moja moja, bila haraka yoyote.

"Salim Galibu Mshamu," Daktari akasoma.

"Ghalib," Salim akasema.

"Galibu."

"Gha. Inatoka kooni, Daktari. Gha."

Akajaribu tena, akakosea. Salim alimngoja. Akajaribu mara ya tatu, shingo imenyooka, jasho linamtiririka usoni, mwanamke mkali kuliko wote niliowajua, na hakuondoka pale ufuoni mpaka alipolipatia.